Kengele Moja, Kengele Mbili

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Hapana, tusidanganyane. Tisini na tano Zamzam alikuwa bado darasa la saba, anakwenda shule kwa miguu na mchana anarudi kula kwao. Ilikuwa tisini na sita, tena nusu ya pili ya mwaka, maana msiba wa ile meli iliyozama Ziwa Victoria ulikuwa umeshatokea, na kila mzazi wa mji huu mwenye mtoto wa kuvuka maji, hata maji ya kuvuka kwa dakika kumi, alikuwa hapati usingizi. Miaka huchanganyika kichwani. Hofu ndiyo haichanganyiki.

Mzazi mwenyewe ni Bakili, fundi redio wa mtaa wa Gerezani. Kwao Nachingwea, huko ambako maji ni ya kisima na mtu huyaona kwenye ndoo. Alikuja mjini kijana, akaajiriwa reli, idara ya ishara, kazi yake kutunza zile kengele ambazo kwazo kituo kimoja huzungumza na kituo cha pili. Ukigonga moja hapa, kule inagonga moja. Ukigonga mbili, kule mbili. Miaka kumi na tatu hakuona kengele ya reli ikisema jambo ambalo haikutumwa. Mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapewa barua yake, akaweka meza chini ya baraza, akaning'iniza kibao: FUNDI BAKILI, REDIO NA TV.

Na kazi ilikuwepo, si haba. Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango. Kila aliyekuwa na shemeji Dubai aliletewa kitu. Televisheni zilikuja na maboksi yake, redio kaseti za milango miwili, betri zinazovuja kabla hazijawashwa, na vile vyombo vya kutoka Japani, ambako umeme wao ni mdogo. Mtu anakichomeka kwenye umeme wetu, kinalia pu! kisha anakuja kwa Bakili amekibeba kama mtoto mwenye degedege. "Fundi, hakijafanya kazi hata dakika." Bakili hakuwa anacheka. Alikuwa akinusa tu, kwa harufu akajua kilichoungua.

Mtoto wake alikuwa huyo mmoja, Zamzam. Kufaulu alifaulu, lakini nafasi ya sekondari aliipata ng'ambo, Kigamboni. Maana yake kila asubuhi pantoni pale Magogoni, na kila alasiri pantoni tena. Siku ya kwanza Bakili alimsindikiza mpaka getini. Pale getini akasimama. Hajui kuogelea, na tangu afike mjini hakuwa amevuka hata mara moja.

"Mtoto anavuka, baba anabaki bandarini," mkewe Waridi alimwambia. Waridi alikuwa akiuza khanga Mtaa wa Kongo, na ulimi wake ulikuwa kama khanga zenyewe, haukosi maandishi hata siku moja.

Mpaka Mei mambo yalikwenda. Baada ya ule msiba wa ziwani, Bakili akaanza kuharibika. Akiwa mezani, mkono umeshika chuma cha kulehemu, macho yako juu, kwenye mifuko ya plastiki, ya rambo, iliyonasa kwenye nyaya za umeme. Ikitulia, upepo hakuna, anashusha pumzi. Ikipepea, anaanza kuuliza wapita njia, "Huko Feri bahari ikoje leo?" Mtu ametoka zake Ilala na mchicha wake, bahari ataijulia wapi?

Basi akili ya ufundi ikafanya kazi yake. Ng'ambo, hatua chache kutoka pantoni inapoteremshia watu, palikuwa na duka la madaftari la mama mmoja, Leticia, lenye simu. Huku Gerezani, ng'ambo ya kichochoro kutoka meza ya Bakili, palikuwa na duka la spea za redio la Devendra, nalo lina simu. Na simu isipopokelewa hailipiwi. Bakili akamkalisha Zamzam.

"Ukishuka, piga kwa Devendra. Ikilia mara moja, kata. Hiyo ni kusema nimevuka salama. Ukiwa na shida, ya aina yoyote ile, acha ilie mara mbili, ndipo ukate. Mimi nakuja."

"Unakuja na nini, baba? Utavuka?"

"Nimesema nakuja."

Siku hizi watoto wana neno lake, wanasema kubipu, na kila mtu anadhani alizaliwa nalo. Mwaka ule neno halikuwepo. Bakili alifanya jambo kabla halijapata jina.

Duka la Devendra ikabidi liwekewe sheria: asipokee mtu simu ya asubuhi mpaka ilie mara ya tatu. Msimamizi wa sheria alikuwa Champaben, mama yake Devendra, bibi wa miaka sabini aliyekuwa akishinda kwenye kiti kando ya simu na tasbihi yake ya mbao. Mteja akinyoosha mkono kupokea, anapigwa kofi dogo la vidole. "Acha! Hiyo ya mtoto." Bakili naye, kwa kuwa hakutaka kumtegemea bibi peke yake, akatega kinasa sauti kidogo nyuma ya simu, akavusha waya juu ya kichochoro, na mezani kwake akaweka kitaa chekundu. Simu ikilia, kitaa kinawaka. Ikinyamaza, kinazima. Basi kila saa moja na dakika arobaini asubuhi, kinawaka mara moja, Bakili anasema alhamdulillahi, na kushika tena chuma cha kulehemu.

"Mume wangu ana watoto wawili," Waridi akawaambia majirani. "Zamzam na kitaa. Na anayelelewa ni kitaa."

Kuna siku moja mwezi wa Agosti lazima isemwe hapa, ingawa wakati ule ilipita kama siku nyingine. Zamzam alirudi alasiri na kiatu kimoja. Sketi imeloa mpaka magotini na kukaukia mwilini, ina chumvi nyeupe kwenye upindo. Akasema asubuhi aliteleza wakati wa kushuka, watu walikuwa wanasukumana. Waridi akaanza kumvua soksi. Mtoto akamgeukia baba yake.

"Baba, leo asubuhi simu ililia?"

"Ililia, mwanangu. Mara moja. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kazi."

Zamzam akamtazama kidogo. Kisha akasema, "Haya."

Kesho yake Bakili akamtafutia viatu vya mtumba, vizuri, vya ngozi. Jioni ile ya kiatu Zamzam hakula vizuri, lakini mtoto wa umri ule kuna siku hali.

Sasa ile siku yenyewe. Jumanne, mwezi wa Oktoba. Bakili amefungua televisheni ya hoteli moja, amejaa vumbi mpaka kope. Kitaa kikawaka. Akasema alhamdulillahi, akarudisha mkono kwenye kazi. Kikawaka tena.

Akakitazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. Champaben akatokea mlangoni, vidole viwili juu.

"Bakili! Mbili!"

"Bibi, umehesabu vizuri?"

"Mimi nimezaliwa Unguja, nimehesabu nazi na karafuu kabla baba yako hajavaa suruali. Mbili! Nenda!"

Akaenda. Aliacha chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, Devendra ndiye aliyekuja kukichomoa. Akakimbia mpaka Mnara wa Saa, akashuka barabara ya bandarini, kandambili moja ikamkatikia karibu na Posta ya Zamani, akaivua na ya pili. Kichwani kulikuwa na kiatu kimoja kinaelea. Hakujua kwa nini ni kiatu, lakini ndicho kilichokuwepo.

Magogoni alikuta pantoni iko upande wa pili. Inaonekana kabisa, inapakia magari polepole kama harusi. Kijana mmoja muuza karanga akamwambia, "Mzee, hata ukiikodolea macho hivyo, haiji kwa aibu." Watu wakacheka. Bakili akacheka nao bila kujua anacheka nini. Pantoni ilipofika, Bakili alimtazama usoni kila aliyeshuka: kama kuna jambo limetokea ng'ambo, nyuso zingelisema. Nyuso zilikuwa za watu wanaowahi kazini tu. Hilo nalo likamtia hofu.

Akapanda. Alikishika kichuma cha ukingoni kwa mikono miwili, akatazama miguu yake mitupu, akasoma alichokumbuka. Njia nzima hakuyaona maji. Aliyasikia.

Leticia alikuwa akipanga madaftari.

"Zamzam? Amepita hapa. Amepiga, ameshukuru, amekwenda shule."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa kama mtoto aliyechelewa, baba. Kwani kuna nini?"

Hakujibu. Akakimbia kwenye mchanga mpaka shuleni. Mwalimu Anaeli, mwanamke mrefu wa Kipare, alimkuta anachungulia dirishani, hana viatu, jasho limechora mistari kwenye vumbi la uso. Zamzam alikuwa ameketi dawati la tatu, mzima, kalamu mkononi. Darasa zima likageuka.

Mtu angetegemea afurahi. Alifurahi, lakini furaha ilipita kama upepo, ikaja hasira. Hofu ikikosa pa kwenda hugeuka hivyo. Akaingia mpaka dawati la tatu.

"Umepiga mbili kwa nini?"

"Nimepiga moja, baba."

"Zamzam."

"Moja! Nimesikia mlio mmoja sikioni, nimekata."

"Kitaa kimewaka mara mbili. Bibi Champa amesikia mbili. Kitaa, bibi na mimi, sote tunasema mbili. Wewe peke yako unasema moja. Mashine haina sababu ya kusema uongo, Zamzam. Mtu ndiye mwenye sababu."

Nyuma mtoto mmoja akanong'ona "Baba Kengele", na darasa likapasuka kwa kicheko. Zamzam hakulia. Alikusanya madaftari yake moja moja kwa sababu baba alikuwa amemshika mkono. Mwalimu Anaeli akasema kwa upole, "Mzee, mtihani wa muhula ni wiki ijayo. Usimkalishe nyumbani." Bakili akajibu kuwa mtoto atarudi siku atakayosema kweli: ama alikuwa na shida anaificha, ama alimchezea baba yake. Mpaka hapo, maji hatavuka.

Nyumbani palikuwa pazito. Jumatano Zamzam alifua. Alhamisi akafua tena nguo zilizokuwa safi. Akiulizwa, jibu ni lile: moja. Waridi hakutania siku zile, na Waridi asipotania ujue nyumba inaungua.

"Unaamini taa kuliko mtoto uliyemzaa," alimwambia mumewe.

"Taa niliitengeneza kwa mkono wangu."

"Na mtoto je?"

Bakili akaenda kazini kabla ya chai.

Ijumaa baada ya swala, akaja Vitalis. Huyu alikuwa fundi wa laini za simu, mtu wa Songea, mwenye nywele zilizoanza mvi na redio ndogo aliyoipenda kuliko jamaa zake. Kila miezi miwili inakufa, anaileta. Akaketi, akaona kitaa, akauliza ni cha nini. Bakili akamweleza yote, kengele moja, kengele mbili, na mtoto anayesema uongo.

Vitalis hakucheka. Alikuna kidevu.

"Kaka, ukipiga simu, ule mlio unaousikia sikioni, unadhani ni nini?"

"Kengele ya kule inalia."

"Siyo."

"Siyo vipi?"

"Ule unaletewa na kituo cha simu, kukupoza moyo tu, ujue simu imeshika njia. Kengele ya kule inalishwa kivyake. Hazianzi pamoja. Wewe unaweza kusikia moja, kule ikalia mbili. Unaweza ukasikia moja, kule isilie kabisa."

"Reli ukigonga moja..."

"Hii siyo reli, kaka."

Bakili aliiweka kando redio ya Vitalis. Kisha akafanya anachofanya fundi: akaenda kujaribu. Alikwenda kwenye kibanda cha simu cha Barabara ya Nkrumah, na Champaben akakaa na chaki. Alipiga mara kumi, kila mara akisikia mlio mmoja anakata. Akarudi akihema. Bibi alikuwa ameandika kwenye kaunta: sita zimelia moja, mbili zimelia mbili, mbili hazikulia kabisa.

"Bibi, hizi mbili zisizolia umeziandikaje, kama hazikulia?"

"Ulisema unakwenda kupiga kumi, zimefika nane. Hesabu hiyo nayo mpaka uende shule?"

Hapo angeweza kukoma. Alichotaka kujua alikuwa amekijua: mtoto alisema kweli. Lakini mtu mwenye akili ya vyombo hakai na nusu ya jaribio. Akarudi kibandani. Safari hii akawa anasikia milio miwili, ndipo anakata. Mara kumi tena.

Champaben hakumpigia kelele kutoka mlangoni. Alimngoja afike, akamwonyesha chaki kwa kidole.

Mara tatu katika kumi, alipopiga mbili, ililia moja.

Bakili akazitazama zile alama tatu. Akaona kiatu kimoja. Akaona upindo wa sketi wenye chumvi, na mtoto anageuka kumtazama: *Baba, leo asubuhi simu ililia?* Akajiona mwenyewe anavyojibu, tena kwa furaha.

"Keti, mwanangu," Champaben alimwambia, ingawa hakuna kiti kingine mle dukani zaidi ya chake. Akanyanyuka yeye.

Jioni alimkuta Zamzam anapiga pasi sare ya shule, sare isiyokuwa na safari. Bakili akasimama mlangoni. Wazee wa kwao hawakumfundisha namna ya kumwomba mtoto radhi. Jambo hilo halikuwa na kengele yake.

"Mwanangu. Kile chombo kilisema uongo. Nami nikasema uongo pamoja nacho, mbele ya wenzako. Unisamehe."

Zamzam aliweka pasi chini, akaangalia isiunguze kitambaa. "Kwa hiyo naenda mtihani?"

"Jumatatu tunaenda."

"Tunaenda?"

"Mimi na wewe."

"Na viatu," Waridi akadakia kutoka jikoni. "Mwambie baba yako safari hii avae viatu." Na wote wakajua nyumba imepoa.

Jumatatu wakapanda pantoni pamoja. Alimpeleka hivyo siku zote za mtihani, na kitaa akakivunja akakitumia kwenye redio ya mtu. Lakini hiyo Jumatatu ya kwanza, walipofika katikati, Bakili alijilazimisha kuinua macho, akayatazama maji kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya kijani, yana mafuta kidogo, na maganda ya ndizi yakielea. Akamwuliza alichokuwa amekibeba tangu Ijumaa. Zamzam alikuwa anatazama mbele, mlango wa pantoni unaanza kushuka, honi ikalia ndefu, watu wakaanza kusukumana. Akamshika baba yake kiwiko ili asiteleze. "Tangulia na mguu huu, baba," akamwambia. "Hapo pana utelezi."

Sasa Zamzam ni mama wa watoto wawili, yuko Tabata, ana simu mbili mkobani. Kila jioni humpigia baba yake, na kabla ya shikamoo husema, "Nimefika, baba." Wanazungumza bei ya sukari, wajukuu, magoti ya mzee. Bakili humsikiliza mpaka mwisho, na simu ikikatika huishika bado sikioni, na kuuliza tena lile alilouliza kwenye pantoni asijibiwe, sasa akiuliza peke yake:

"Ile siku ya kiatu, mwanangu, ulipiga ngapi?"